Mrejeo na Mrejesho: Istilahi za Usukani wa Magari ya Spoti

Miongoni mwa dhana zinazowatatiza wafasiri wa maandishi ya ufundi ni zile zinazotaja mambo yasiyoonekana kwa macho, bali hujulikana kwa mkono wa mwenye kazi. Seremala hujua kwa mkono kwamba randa yake inakwenda kinyume cha nyuzi za ubao. Dereva naye hujua kwa mkono kama tairi za mbele zimeishika barabara au zinakaribia kuiacha. Watu wa magari wa Ulaya, Marekani na Japani wameijadili elimu hiyo ya mkono kwa miaka mingi, hasa kuhusu magari ya spoti, na wameiundia msamiati wake. Mfasiri wa Kiswahili anapoukuta msamiati huo huelekea kuutia wote katika neno moja au mawili: ama 'hisia', ama 'mrejesho'. Katika makala haya tunakusudia kueleza jambo lenyewe linavyotendeka ndani ya gari, kisha tuonyeshe kwa nini neno moja halitoshi, na ni maneno gani yaliyomo tayari katika lugha yetu yanayoweza kuifanya kazi hiyo.

Huenda msomaji akauliza kwa nini jarida la lugha lijishughulishe na magari ambayo wengi wetu huyaona pichani tu. Sababu ya kwanza ni kwamba waundaji na wajaribu wa magari ya spoti ndio walioichambua dhana hii kwa kina kuliko wengine. Sababu ya pili ni kwamba mitambo yenyewe haikubaki huko. Usukani unaosaidiwa na mota ya umeme umo leo katika magari madogo ya kawaida yanayonunuliwa Japani na kushushwa Dar es Salaam na Mombasa, na mwalimu wa udereva, mfasiri wa kitabu cha maelekezo na ofisa anayeandika masharti ya zabuni hawana budi kuutaja. Kuhusu jina la magari hayo, 'gari la michezo' humfanya msomaji afikirie basi la timu ya mpira, na 'gari la mbio' ni la mashindano, ilhali gari tunalolizungumzia lina namba ya usajili na huendeshwa barabarani pamoja na malori. Tumeona bora kufuata matumizi yaliyokwisha kuenea na kusema 'gari la spoti'.

Tuanze na neno tulilo nalo. Usukani ni neno la bahari kabla ya kuwa la barabara. Asili yake ni Kiarabu, ambamo sukkān ni ule ubao wa nyuma ya chombo unaokata maji na kukielekeza. Mkono wa mti anaoushika mshika usukani una jina lake mbali, nao ni kana. Yaani lugha ya mabaharia ilitofautisha ncha inayogusa maji na ncha inayoguswa na mtu. Gari lilipokuja, neno usukani lilihama kutoka ncha moja hadi nyingine: leo usukani ni lile gurudumu lililo mikononi mwa dereva, na ncha ya pili haina jina la pekee isipokuwa 'magurudumu ya mbele'. Hatusemi hayo kwa nia ya kulirudisha neno majini. Ila yafaa kukumbuka kwamba kati ya ncha hizo mbili ipo njia, na kwamba kani hupita katika njia hiyo kwenda na kurudi. Mshika usukani wa jahazi hakuhitaji istilahi ili ayajue hayo, kwani maji yaliposukuma ubao, kana ilimsukuma mkono. Hapa tutasema 'usukani' kwa mtambo mzima, na 'gurudumu la usukani' pale tunapotaka kutaja kile kinachoshikwa tu. Mafundi wengi husema stelingi, neno ambalo katika mitaa ya Tanzania limekutana na 'stelingi' wa filamu, yaani mhusika mkuu, ingawa asili zao katika Kiingereza ni mbili tofauti.

Sasa tuingie chini ya gari. Pale tairi linapogusa lami, eneo la mguso halizidi sana kiganja cha mtu mzima. Dereva akikata usukani, rimu hugeuka kwanza, na mpira ulioshikwa na lami hupindika kabla ya kufuata. Kwa hiyo gurudumu huelekea upande mmoja na hali linasafiri upande mwingine kidogo. Tofauti ya pande hizo mbili hupimwa kwa nyuzi, nasi tunapendekeza iitwe pembe ya mkengeuko. Wafasiri wengine wangependa 'pembe ya mtelezo', kwa kuwa ndivyo Kiingereza kinavyosema, lakini Kiingereza chenyewe kinapotosha hapa. Tairi lililokengeuka kwa nyuzi mbili au tatu halijateleza. Mpira wake umejipinda tu, na ni kujipinda huko kunakozaa kani ya pembeni inayoligeuza gari. Bila mkengeuko gari halikati kona.

Mpindiko huo hauwi sawa katika eneo zima la mguso. Sehemu ya mbele ya eneo ndiyo kwanza imegusa lami na haijapindika sana, ilhali ya nyuma imekwisha kuburutwa na imepindika zaidi. Kutokana na hayo, kani ya pembeni haifanyi kazi katikati ya eneo la mguso bali nyuma yake kidogo, kwa umbali wa sentimita chache. Umbali huo tunaweza kuuita mkia. Na kitu chochote kinachovutwa nyuma ya egemeo lake hutaka kunyooka, kama vile magurudumu madogo ya kiti cha ofisi yanavyojipanga yenyewe nyuma mtu anapokisukuma kiti. Wahandisi huiongeza tabia hiyo kwa kuulaza nyuma kidogo mhimili ambao gurudumu hugeukia, kama uma wa mbele wa baisikeli ulivyolazwa. Mambo hayo mawili kwa pamoja huzaa kani ya kunyoosha. Ndiyo inayourudisha usukani katikati dereva anapoulegeza mkono, na ndiyo hasa anayoisikia mikononi.

Hapa ndipo penye kiini cha mjadala wote. Pembe ya mkengeuko inapozidi kukua, sehemu ya nyuma ya eneo la mguso ndiyo ya kwanza kuanza kuteleza. Inapoteleza, kani ya pembeni husogea mbele, mkia hupungua, na kani ya kunyoosha huanza kushuka, ilhali kani ya pembeni yenyewe bado inapanda. Kwa maneno mengine, usukani huwa mwepesi kabla tairi halijaachia barabara. Yule anayeuhisi wepesi huo ana nafasi ndogo, ndogo mno, ya kupunguza mwendo kabla gari halijakataa kugeuka. Asiyeuhisi atajua baadaye, wakati gari linaendelea moja kwa moja kuelekea mtaroni. Katika mvua hali ni hiyohiyo ila huja mapema zaidi, kwa kuwa lami yenye maji haitoi kani ya kutosha tangu mwanzo. Kwa hiyo tunapochagua maneno hatuchagui mapambo ya waandishi wa magazeti ya magari. Mwalimu wa udereva asiye na neno la jambo hili hawezi kumwambia mwanafunzi wake alisubiri.

Mwalimu huyo atakutana mara moja na ugumu ambao ni wa Kiswahili chenyewe. Kwetu 'mwepesi' ni kinyume cha 'mzito', lakini vilevile ni kinyume cha mtu wa polepole. Mtoto mwepesi ni mtoto mwenye kasi. Usukani mwepesi basi ni upi? Ni ule usiohitaji nguvu, au ni ule ambao ukiugeuza kidogo tu magurudumu yanageuka sana? Magari mengi ya spoti ya leo yana sifa ya pili bila kuwa na ya kwanza. Tunashauri 'wepesi' na 'uzito' viachiwe kiasi cha nguvu anayotumia dereva, na sifa ile nyingine itajwe kwa uwiano wa usukani: uwiano wa 15 kwa 1 maana yake gurudumu la usukani likigeuzwa nyuzi 15, magurudumu ya barabarani hugeuka nyuzi 1. Uwiano mdogo ni usukani wa haraka. Neno 'haraka' halina utata huo, na fundi atalielewa.

Uzito nao si hisi. Jambo hili hukosewa hata na wenye lugha zao, wala si wafasiri peke yao. Magari mengi sasa yana kitufe ambacho dereva akikibonyeza husoma kwenye dashibodi kwamba usukani umeingia katika hali ya spoti. Mara nyingi kinachotokea ni kwamba mota imepunguza msaada wake, na mikono inafanya kazi zaidi. Habari za barabara hazijaongezeka hata chembe. Mtu anayesoma barua kwa taabu kwa sababu karatasi ni nzito hajapata barua ndefu zaidi.

Ili kueleza msaada wa mota ulivyoibadili njia ya kani, hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Gari jepesi lenye injini nyuma ya dereva haliweki uzito mkubwa juu ya magurudumu ya mbele, na linaweza kugeuzwa kwa nguvu za mikono tu. Ndivyo lilivyokuwa Lotus Elise lililotoka mwaka 1996 likiwa na uzito wa kilo 700 na kidogo, na ndivyo lilivyokuwa Alfa Romeo 4C la mwaka 2013. Porsche 911, ambalo injini yake iko nyuma kabisa, liliendeshwa bila msaada wowote wa usukani tangu miaka ya 1960 hadi toleo la 964 lilipopewa msaada wa mafuta mwaka 1989. Msaada wa namna hiyo wenyewe ni wa zamani zaidi: Mmarekani Francis Davis aliushughulikia tangu miaka ya 1920, na kampuni ya Chrysler iliuuza kwa umma katika gari lake la Imperial mwaka 1951. Ndani yake mna ufito mwembamba wa chuma unaojisokota kidogo dereva anapogeuza usukani. Kujisokota huko hufungua vali, na mafuta yanayosukumwa na pampu ya injini huingia upande unaotakiwa na kuisaidia mikono.

Pampu hiyo huzunguka muda wote injini inapozunguka, hata gari likiwa limenyooka barabarani kwa saa nzima, na hiyo ni petroli inayopotea. Mota ya umeme hutumia nguvu pale tu usukani unapogeuzwa. Mwaka 1988 Suzuki iliiweka katika gari dogo la Cervo, na mwaka 1990 Honda iliiweka katika baadhi ya magari yake ya spoti ya NSX. Kwa muda mrefu wengi walidhani haitafika katika magari yanayosifiwa kwa usukani wake. Mwaka 2011 Porsche ikaiweka katika 911 la toleo la 991, na waandishi wengi wa magari wakalalamika kwamba gari limenyamaza. Ferrari ilifuata mwaka 2017 kwa gari la 812 Superfast. McLaren ilibaki na mafuta, ikiwamo katika 750S la mwaka 2023, ingawa pampu ya gari hilo huendeshwa kwa umeme.

Je, malalamiko hayo yalikuwa ya haki? Tunaona yalikuwa ya haki nusu. Si kweli kwamba usukani wa mafuta ni wa asili na wa umeme ni wa bandia, kwani yote miwili ina ule ufito unaojisokota, na katika yote miwili gurudumu la usukani bado limeungana kwa chuma na magurudumu ya barabarani. Tofauti imo katika inesha, yaani ukaidi wa kitu kuanza au kuacha mwendo. Mota huunganishwa na usukani kwa gia zinazopunguza kasi, na ukaidi wake huonekana kwenye usukani ukiwa umezidishwa kwa kipeo cha pili cha uwiano wa gia hizo: uwiano ukiwa 20, ukaidi huzidishwa mara 400. Mtikisiko mdogo unaotoka barabarani hufika kwenye mota hiyo kama mtu mwembamba anayesukuma mlango mzito. Mafuta hayana ukaidi wa namna hiyo. Zaidi ya hayo, kompyuta ya usukani huchuja kwa makusudi. Gurudumu lenye mzingo wa mita 2 hivi, gari likienda kilomita 100 kwa saa, huzunguka mara 14 hivi kwa sekunde. Likiwa halikusawazishwa vizuri litatikisa usukani kwa idadi hiyohiyo, na hakuna anayependa kutikiswa. Programu huufuta mtetemo huo. Lakini mikwaruzo midogo ya lami, ile inayomwambia dereva kwamba ametoka kwenye lami kavu akaingia kwenye mchanga, nayo ni mitetemo, na chujio lisiloundwa kwa uangalifu huyachukua yote pamoja.

Hata hivyo, mota imebebeshwa pia lawama zisizo zake. Magari ya spoti ya leo yana tairi pana kuliko yale ya zamani. Eneo la mguso la tairi pana ni fupi kutoka mbele kwenda nyuma, na eneo likiwa fupi, mkia nao ni mfupi. Vilevile mhandisi akiulaza mno mhimili wa gurudumu ili gari litulie katika mwendo mkali, usukani hubaki mzito hata pale tairi linapoanza kuachia, na ule wepesi wa kuonya hufunikwa. Hayo hutokea hata gari lisilo na mota.

Kabla ya kutoa mapendekezo, yafaa kutazama wenzetu walivyofanya. Wajerumani wana neno moja la kuunganisha lenye maana ya hisia ya kuongoza, na jingine, linalotumika ofisini pia, lenye maana ya taarifa inayorudishwa. Wafaransa husema kwamba habari hupanda kutoka barabarani hadi mikononi, usemi ambao kwetu ungefaa bila kubadilishwa. Neno la Kiingereza limeundwa kwa kitenzi cha kulisha na kielezi cha nyuma, na mtu anayefasiri neno kwa neno angepata 'malisho ya nyuma', ambayo yangemfaa mfugaji zaidi kuliko dereva. Limetoka kwa mafundi wa redio na simu, likaingia katika elimu ya mitambo, kisha ofisini na darasani.

Tuchukue 'hisia' kwanza. Katika Kiswahili sanifu tunatofautisha hisi na hisia. Hisi ni uwezo wa mwili wa kupokea habari: kuona, kusikia, kugusa, kunusa na kuonja. Hisia ni yale yaliyomo moyoni, kama vile furaha, hofu na huruma. Gari la spoti labda humpa dereva hisia, na matangazo ya biashara huyazungumza hayo kwa wingi, lakini jambo tulilolieleza hapo juu ni la hisi. Tena usukani hauna hisi, mwenye hisi ni dereva. Kwa hiyo badala ya 'hisia za usukani' tunapendekeza 'hisi ya usukani' kwa maana ya kile ambacho dereva hukitambua kwa mikono kupitia usukani, kwa mfano wa 'hisi ya mguso'. Na kitenzi tunacho, wala hakihitaji kusanifiwa: Mswahili husikia baridi, husikia maumivu, husikia harufu, mwacheni aisikie na barabara. Msomaji asilichanganye hilo na 'usukani msikivu', ambao ni usukani mtiifu, unaogeuza gari mara mkono unapogeuka. Sifa hiyo ni ya upande wa pili, kutoka kwa dereva kwenda barabarani, nayo istilahi yake iwe 'mwitiko'. Gari linaweza kuwa na mwitiko mkali sana na lisimwambie dereva neno lolote.

Linabaki lile linalorudi, na hapa vinyambuo vya vitenzi vyetu vinatusaidia kuliko tulivyotarajia. Kurejea ni kurudi kwenyewe. Kurejesha ni kufanya kitu kirudi, na lazima awepo mrejeshaji. 'Mrejesho' limekwisha kukaa vizuri katika elimu na utawala: mwalimu humpa mwanafunzi mrejesho, kamati hutoa mrejesho kwa wananchi. Hapo neno ni sahihi kabisa, maana yupo mtu anayeamua arejeshe nini, na pengine aache nini. Lakini tairi haliamui. Kani ya kunyoosha hupanda usukani yenyewe, kama maji yalivyosukuma kana, wala haimpendelei dereva. Tunapendekeza basi kani hiyo, inapofika mikononi kwa njia ya chuma, iitwe 'mrejeo wa barabara'. Kwamba 'marejeo' hutumika kwa vitabu vilivyorejewa hakutuzuii, kwa kuwa neno hilo katika maana hiyo hutumika kwa wingi tu, na muktadha wa ufundi hauruhusu kuchanganyikiwa.

Wapo watakaosema kwamba tofauti ya herufi chache ni ndogo mno kubeba tofauti ya maana. Tungekubaliana nao kama magari yangebaki yalivyokuwa. Mwaka 2013 kampuni ya Nissan, kwa jina la Infiniti, ilitoa gari la Q50 ambalo usukani wake katika hali ya kawaida hauungani na magurudumu kwa chuma. Gurudumu la usukani hutuma ishara za umeme, mota zilizo chini hugeuza magurudumu, na mota nyingine hurudisha uzito mikononi. Klachi ilibaki ndani ili kuunganisha mhimili mambo yakiharibika. Mwishoni mwa mwaka 2023 Tesla ilianza kukabidhi wateja gari la Cybertruck, ambalo halina muungano wa chuma hata wa dharura. Magari hayo si ya spoti, lakini mtambo huo hautakomea hapo. Ndani yake kila kinachofika mkononi kimetungwa. Kompyuta hupima kani zilizo chini, hukisia nyingine, kisha huamua dereva asikie nini. Huenda ikatunga vizuri, na huenda ikamwonya dereva mapema kuliko tairi lenyewe lingefanya. Lakini hakika yupo mrejeshaji. Hapo ndipo mahali pa 'mrejesho', na mfasiri anayeandika 'mrejeo wa barabara' katika kitabu cha gari la namna hiyo amemwambia dereva jambo lisilo kweli. Mtambo wenyewe tunapendekeza uitwe 'usukani wa ishara'. 'Usukani wa waya' hautofautishi chochote, kwa sababu hata usukani wa kawaida wenye mota umejaa waya.

Kati ya pande hizo mbili yumo 911 wa mwaka 2011 na jamii yake, ambamo chuma kipo lakini mota nayo imo njiani. Tulijadiliana sana kuhusu hao. Uamuzi wetu ni kwamba maadamu chuma kinaungana, neno liwe 'mrejeo', na ikihitajika liongezwe sifa: mrejeo uliochujwa. Kuchuja ni kuondoa, na kilichobaki bado kimetoka barabarani. Pale ambapo programu haiondoi tu bali huongeza, kama inavyofanya mota inapousukuma usukani ili gari lisitoke katika mstari wa barabara, kile kilichoongezwa kiitwe mrejesho, hata kikipita katika chuma kilekile.

Maneno mengine hayahitaji kazi kubwa. Pigo la ghafla linalotoka kwenye shimo au jiwe na kuupokonya mkono usukani liitwe 'teke la usukani'. Madereva waliozoea Land Rover za zamani hufundishwa kuviweka vidole gumba nje ya gurudumu la usukani kwenye barabara mbaya kwa ajili ya teke hilo, na waliokuwa na 911 zisizo na msaada katika mashindano ya Safari ya mwaka 1978, ambamo Vic Preston mdogo alishika nafasi ya pili, hawakuhitaji kuelezwa maana yake. Teke ni mrejeo, ila ni mrejeo usiotakiwa, na sifa mojawapo ya msaada wa mafuta na wa umeme ni kulipunguza. 'Usukani unacheza' tunashauri liepukwe katika maandishi ya ukaguzi wa magari, kwa sababu fundi mmoja hulisema kwa usukani unaotetemeka na mwingine kwa usukani uliolegea. Waandike 'unatetemeka' au 'una mlegeo', maana ugonjwa si mmoja. 'Usukani bubu' kwa ule usiosema kitu tunawaachia waandishi wa magazeti, nasi tutafurahi kuuona.

Mfasiri atakayefuata mapendekezo haya ataandika, mathalani, 'Hali ya spoti huongeza uzito wa usukani', wala si 'huongeza hisia'. Mwalimu wa udereva ataandika, 'Usukani ukiwa mwepesi ghafla ndani ya kona, mrejeo umepungua: punguza mwendo taratibu wala usizidi kukata.' Ofisa wa ununuzi atauliza katika zabuni kama usukani ni wa ishara, na kama upo muungano wa chuma wa dharura. Bado hatujashughulikia kanyagio la breki. Katika magari mengi yanayotumia petroli pamoja na umeme, mguu husukuma springi iliyowekwa ili uhisi ukinzani uliouzoea, na breki zenyewe huendeshwa kwa amri ya kompyuta. Kwa kipimo tulichokieleza hapo juu, huo nao ni mrejesho, na tungependa kusikia maoni ya walimu wa ufundi wa magari kabla ya kuliingiza neno hilo katika orodha.